Nani Atamnyoa Wairimu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikipita uchochoro mmoja wa Kamenu, mtaa wa Thika, nikimtafuta fundi wa kunishonea mapazia, nikakutana na harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nywele yanayoungua taratibu kwenye chanuo la chuma lililotoka motoni. Nilidhani machanuo ya jikoni yalishapelekwa makumbusho, maana siku hizi kila saluni ina mashine ya umeme. Kumbe kuna mama mmoja bado analo. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, binti yake katikati ya magoti, na mtoto amekunja uso huku amelikunja sikio lake lisichomwe. Nilisimama kutazama. Yule mama akadhani nataka kuhudumiwa, akaniambia kwa upole kwamba kuna foleni. Nikamshukuru nikaenda zangu, lakini uso ulikuwa umenipanda joto. Nywele zilizonyooshwa kwa chanuo la moto bado hunitia haya hadi leo, nami nitawaeleza ninyi sababu yake, ambayo hata watoto wangu sijawaeleza.

Baba yangu, Kamau, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, nasi tuliishi hapo hapo Kamenu katika vyumba viwili. Lakini sherehe zote za ukoo zilifanyika Ruiru kwa mama yake, shosho Wanjiru, ambaye boma lake lilipakana na shamba kubwa la kahawa. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo mimi pia ni Wanjiru, na shosho hakuwa mtu wa kuchukulia jambo hilo kwa mzaha. Kosa langu lilikuwa lake. Nikivunja kikombe alisema, "Tumevunja kikombe," kisha akanichapa mimi peke yangu.

Nilipokuwa na umri wa kama miaka kumi, shangazi yangu aliolewa. Wanawake waliniketisha jikoni kwa shosho, wakaninyoosha nywele kwa chanuo la moto mpaka zikanifika mabegani. Siku hiyo nilijiona malkia. Niligeuza shingo kila dakika ili nizisikie zikinigusa. Na kwa kuwa nilikuwa mjinga, Jumatatu nilikwenda nazo shuleni.

Shule yetu ya Thika ilikuwa ya misheni, na nywele zilitakiwa ziwe fupi. Mwalimu mkuu, Mrs. Kimotho, hakuwa mtu mbaya. Alifanya kilichofanywa kila shule enzi hizo: aliyekuja na nywele ndefu aliitwa mbele ya paredi ya wanafunzi wote, akapitishiwa mkasi katikati ya kichwa, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, kisha akaachwa hivyo akamalizie nyumbani. Tuliita hiyo barabara. Ukitengenezewa barabara, wenzako walikuuliza siku nzima kama ina lami, na kama inafika Nairobi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kusimama kwenye paredi siku ya mkasi, naye ni Sista Brigita. Alikuwa mtawa mzee kutoka Ayalandi, mwembamba, mwenye mashavu mekundu hata wakati wa baridi ya Julai, na alitufundisha kuimba na kushona. Mkasi ulipotolewa alijifungia katika stoo ya vitambaa mpaka kengele ilie. Sisi watoto tulikuwa na maelezo yetu: watawa hufunika nywele, basi hawapendi kuona za wengine.

Tulimpenda sana, hasa kwa hadithi za kwao. Alituambia kwamba nchi yake nayo ilitawaliwa na Waingereza, wakachukua ardhi, wakawapiga watoto kwa kuongea lugha ya nyumbani, na kwamba vijana walienda milimani kupigana. Habari hiyo ilituchanganya kabisa. Mzungu kutawaliwa na mzungu mwenzake! Mvulana mmoja, Njoroge, aliinua mkono akauliza, "Sista, sasa mlijuana aje, nani ni mkoloni na nani si mkoloni?" Darasa zima likacheka. Sista naye alicheka, akasema ilikuwa rahisi, mkoloni alikuwa na viatu vizuri. Kisha akaongeza kwamba mara nyingine walikosea. Akatuambia tuchukue sindano zetu.

Hadithi iliyopendwa zaidi ilikuwa ya Donal, kaka yake mkubwa, aliyepigana milimani na kuuawa kijana, akazikwa na umati wa watu. Kila mwaka karibu na Madaraka, sikukuu ya kujitawala kwetu, aliisimulia mbele ya wazazi, na kila mara alianza vile vile: "Kwetu tulikuwa wawili, mimi na Donal." Shosho aliisikia mara moja, akaipenda, kwani yeye mwenyewe wakati wa imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, aliwapelekea chakula wapiganaji wa msituni, akificha githeri ya mahindi na maharagwe chini ya kuni. Aliporudi nyumbani alimwambia baba kwamba yule si mzungu, yule ni wa kwetu.

Basi Jumatatu ile niliitwa mbele. Nakumbuka ubaridi wa mkasi kwenye paji la uso, na nywele zangu zikianguka juu ya viatu vyangu, zingali zinanukia mafuta ya harusi. Niliapa sitalia. Mvulana wa zamu alikuwa ameshasogea na ufagio wa matawi ndipo tukasikia mlango wa stoo ukifunguliwa kwa kishindo. Sista Brigita alikuja mbio, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, akapiga magoti kwenye vumbi jekundu mbele yangu akaanza kuzikusanya zile nywele kwa mikono na kuzitia ndani ya aproni yake.

"Usifagie," alimwambia yule mvulana. "Tafadhali, mtoto, usifagie."

Alikuwa analia. Mrs. Kimotho alisimama na mkasi wake asijue aupeleke wapi. Mwanafunzi mmoja akacheka, na wote wakafuata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Barabara kichwani ningeweza kuivumilia, wengi walishapata. Lakini hakuna aliyewahi kupigiwa magoti na mzungu anayelia, na nilijua kwamba hilo halitasahauliwa mpaka darasa la saba.

Mambo yalizidi kuwa mabaya. Alinishika mkono akanipeleka nyumbani mwenyewe, kwa miguu, katikati ya Kamenu, aproni yake imejaa nywele. Wanawake walitoka milangoni. Nilitembea nikitazama chini na kumchukia kwa moyo wangu wote.

Nyumbani tulimkuta shosho. Alikuwa ameleta ndizi kutoka Ruiru na alikuwa akimsubiri mama arudi sokoni. Alinitazama kichwani, akaitazama ile aproni.

"Nani ametufanyia hivi?" aliuliza.

"Ni shule," alisema Sista. "Lakini sikuja kwa sababu ya shule, Mama Kamau. Naomba nikae."

Alikaa kwenye kiti cha baba. Shosho alinituma maji ya kunywa, na niliporudi Sista hakuyagusa. Alianza kusema kwa Kiswahili chake cha polepole, akimtazama shosho tu, kana kwamba mimi sikuwepo.

Alisema kwao hawakuwa wawili. Walikuwa watatu. Kati ya Donal na yeye kulikuwa na msichana, Nora, aliyefua nguo za askari wa Kiingereza kambini, kwa sababu baba yao alikuwa amekufa na kazi nyingine haikuwepo. Pesa ile ndiyo iliyowalisha wote, pamoja na Donal alipokuja kwa siri kutoka milimani. Kisha maneno yakaanza kwamba Nora ana urafiki na askari mmoja. Jumapili moja, baada ya misa, Donal na wenzake walikuja nyumbani. Brigita alikuwa mdogo, hata meno ya mbele hakuwa nayo. Mmoja wao akamwinua, akamkalisha begani, akamuuliza kama ni kweli Nora huongea na askari. Naye akasema ndiyo, kuna mmoja mwenye farasi, humpa Nora sabuni nzuri, na Nora hucheka. Alisema kwa furaha, kwa vile alipenda sana yule farasi.

"Walimtoa nje uani," alisema Sista. "Walikuwa na mkasi wa kunyolea kondoo. Donal mwenyewe ndiye aliyemshika mabega. Kaka yetu. Mama alisimama mlangoni akitazama. Walipomaliza na kwenda, aliniletea ufagio. Nikafagia. Nilikuwa napenda kufagia, nilijua nitasifiwa."

Nora aliondoka wiki ile ile akaenda Uingereza, kitambaa kichwani. Miezi michache baadaye Donal aliuawa, akawa shujaa, na mama yao akakataza jina la Nora lisitajwe ndani ya nyumba, maana nyumba ya shujaa haiwezi kuwa na msichana wa namna hiyo. Na Brigita alipoanza kuulizwa wako wangapi, alijibu alivyofundishwa. Alijibu hivyo kwa watawa wenzake, na kwa maaskofu, na kwetu sisi watoto kila Madaraka.

"Donal alipigania uhuru kweli," alisema. "Siwezi kusema hakupigana. Lakini mimi nimemfuta dada yangu ili niwe na kaka. Nora alikufa hukohuko Uingereza, Mama Kamau, na habari nililetewa na mtu baki. Naona aibu. Mpaka leo naona aibu mbele ya watoto."

Nilisubiri shosho aseme neno la kumfariji. Shosho ndiye aliyekuwa bingwa wa kufariji Ruiru nzima, hakuna matanga yaliyoanza kabla hajafika. Lakini alikuwa ameinama, anavuta uzi kwenye pindo la leso yake, na nilipoona uso wake nilishtuka. Ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa.

"Sista," alisema mwishowe, "wangu yuko hai."

"Nani?"

"Dada yangu. Wairimu. Yuko ng'ambo ya kahawa."

Nilimjua Wairimu. Alikuwa mwanamke mwenye kilemba cha bluu aliyeishi peke yake upande wa pili wa lile shamba la kahawa. Kila tulipopita kwenye kijia chake shosho aliharakisha mwendo, akijifanya kamba ya mzigo inamuumiza. Nilidhani ni mchawi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba ni dada wa damu wa shosho, tena mdogo wake.

Shosho alieleza kwa maneno machache. Wairimu aliolewa na mtu ambaye wakati wa imajensi alijiunga na homgadi, wale watu wetu waliobeba silaha za serikali ya mkoloni. Asubuhi moja mume huyo alikutwa ameuawa kwenye kijia cha mtoni. "Waliomuua walikuwa wamekula githeri yangu," alisema shosho. "Sikuwatuma. Lakini waliila."

Kwa desturi ya nyumba yetu, mwanamke akifiwa na mume au ndugu wa damu alinyolewa kichwa, na wa kumnyoa ni dada yake. Hafanyi kazi hiyo mtu mwingine. Kijiji kizima kilitazama kama shosho atakwenda. Hakwenda.

"Niliogopa wataniita wa homgadi," alisema. "Hiyo ndiyo nilimwambia Mungu. Lakini si hiyo. Nilikuwa nimefurahi, Sista. Amekufa, nami nikafurahi. Wairimu alitoa kiti nje, mahali ambapo ningemwona, akajinyoa mwenyewe. Nilimwona. Nikaingia ndani."

Kisha Sista alinyanyuka, akaniwekea zile nywele mapajani, zote, na kumwambia shosho, "Wewe una mahali pa kwenda. Mimi sina."

Jioni ile ile shosho alinichukua kwenda Ruiru. Baba alitaka animalizie kichwa kwanza, shosho akamkataza, akasema hiyo ni kazi yake. Asubuhi alinunua wembe mpya dukani, akaufunga kwenye kitambaa cha mkono, tukaingia kwenye kahawa. Maua yalikuwa yamefunguka na harufu yake ilikuwa tamu mno. Nilikuwa na furaha ya kukosa shule. Shosho alitembea mbele, na safari hii hakuharakisha. Alitembea kama mgonjwa.

Wairimu alikuwa mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Alituona mapema, hakuinuka, hakusalimu. Shosho alisimama uani.

"Wairimu. Nimekuja kukunyoa."

Maharagwe yaliendelea kusogezwa, mazuri huku, mabovu kule.

"Nilishanyoa," alisema Wairimu.

Shosho alibaki amesimama na kitambaa chake mkononi, nami nikaona haya kwa niaba yake, haya ya kumwona mtu mzima akikosa mahali pa kuweka mikono. Ndipo Wairimu akanitazama mimi.

"Huyu ni nani?"

"Ni Wanjiru wa Kamau."

"Na hiyo ya kichwani?"

"Ni mwalimu," nilijibu haraka, nisije nikadhaniwa nina ugonjwa.

Aliweka ungo chini. "Nipe huo wembe," alimwambia shosho. "Leta maji, karai liko nyuma."

Alininyoa yeye. Alikuwa na vidole vigumu vya kuchuma kahawa, lakini alinikunja sikio taratibu, kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kunikunja, na alipofika kisogoni alipuliza nywele zisiniwashe. Shosho alishika karai. Alipomaliza alinipangusa na upindo wa nguo yake, akauosha wembe, akaufunga tena vizuri katika kitambaa na kumrudishia mwenyewe.

"Na wewe?" shosho aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Mimi hapana."

Tulirudi kupitia kahawa, shosho akilia. Mimi nilidhani analia kwa jinsi nilivyokuwa mbaya bila nywele, nikamwambia asijali, zitaota. Nilidhani pia tulikuwa tumekwenda bure. Ilinichukua miaka mingi, na kuzika watu wangu kadhaa, kujua kwamba Wairimu alimpa dada yake siku ile kila alichokuwa nacho cha kutoa, na kwamba alikitoa juu ya kichwa changu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine alipoweza kukiweka.

Madaraka iliyofuata Sista Brigita alisimama mbele ya wazazi akasema, "Kwetu tulikuwa watatu." Akasimulia yote, pamoja na ufagio. Hakupigiwa makofi. Wazazi wengine walinung'unika kwamba amewaharibia sikukuu kwa kumsema vibaya mpigania uhuru, na baba mmoja alimuuliza mwalimu mkuu kama sista amezeeka. Shosho alikuwa amekaa mstari wa mbele na hakuinua macho. Baada ya muda Sista aliitwa arudi kwao kupumzika, akaenda, na hatukusikia tena habari zake.

Shosho aliendelea kwenda ng'ambo ya kahawa mpaka miguu ilipomshinda. Alipeleka sukari, alipeleka majani ya chai. Wairimu alipokea, akajibu salamu, mara nyingine akamkaribisha kiti. Kilemba hakukitoa.

Shosho alifariki nilipokuwa tayari na watoto wawili. Kahawa ilikuwa imeng'olewa na shamba kugawanywa ploti, na mahali pa kile kijia palikuwa na barabara na majumba ya kupangisha. Siku ya mazishi nilikuwa nikigawa viti nilipomwona Wairimu akiingia getini na fimbo yake, kichwa wazi. Amekinyoa chote, kinang'aa. Vijana wakanong'ona kwamba bibi yule ana saratani. Mimi nilijua. Amekuja kama dada. Nilimshika mkono nikampitisha katikati ya wageni wote, nikamkalisha mbele, pamoja na ndugu.

Nilipoinama kumfunika shuka ndipo nilipoona kisogo chake. Kilikuwa na vijishungi vya mvi vilivyosalia hapa na pale, na mikato midogo nyuma ya masikio, damu imekauka, sehemu zile ambazo mkono wa mtu hauzifikii vizuri.

"Shosho," nilimuuliza, "nani alikunyoa?"

"Nani angeninyoa?" alisema. Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu.

Tulikuwa wanawake wengi katika boma lile, wiki nzima, tukipika chai ya waombolezaji, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya barabara.